Bob Hayes, Risasi ya Jacksonville

Msimu wa 1965 ulipokaribia, makocha wa ulinzi katika NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, hawakuwa wakikosa usingizi kwa ajili ya wapokeaji wa pembeni. Kazi ya mpokeaji wa pembeni inaeleweka hata kwa asiyewahi kuutazama mchezo huo. Anasimama karibu na mstari wa kando. Mpira ukianzishwa anachomoka mbio, anamhadaa beki kwa kukata kushoto au kulia, kisha anageuka kuudaka mpira uliorushwa na kotabeki, yule mchezaji anayeongoza mashambulizi kutoka nyuma. Akiudaka ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, au akiudaka kwingine na kukimbia nao hadi huko, timu yake inapata tachidauni, yaani pointi 6. Kwa miaka mingi ulinzi wake ulikuwa mtu kwa mtu: kila mpokeaji alipewa beki wake wa kumkaba. Beki akiachwa hatua moja, aliweza kuikomboa hatua hiyo mpira ukiwa bado hewani.

Septemba mwaka huo Dallas Cowboys walimwingiza uwanjani kijana wa miaka 22 ambaye akikuacha hatua moja, hapakuwa na mtu duniani wa kuikomboa. Sitii chumvi. Miezi 11 kabla ya hapo kijana huyo alikuwa ameshinda mbio za mita 100 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na rekodi ya dunia ya yadi 100 ilikuwa yake.

Aliitwa Robert Lee Hayes, Bob kwa waliomzoea, Risasi kwa waandishi wa magazeti. Katika misimu yake 11 alidaka mipira 371, akasogeza timu zake yadi 7,414 na kufunga tachidauni 71 kwa kudaka. Wako wengi waliokuja baadaye na kumpita kwa hesabu hizo, na kwa sababu hiyo wapo waliodai kwa miaka zaidi ya 25 kwamba hakustahili kuingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo lililoko Canton, Ohio. Naamini walikuwa wakihesabu kitu kisichokuwa cha kuhesabiwa. Alama kubwa ya Bob Hayes haimo katika mipira aliyoidaka. Imo katika namna timu zote nyingine zilivyolazimika kubadili ulinzi wao kwa sababu yake.

Alizaliwa Jacksonville, kaskazini mwa Florida, tarehe 20 Desemba 1942, akakulia upande wa mashariki wa mji huo, katika mitaa ya watu weusi iliyokuwa maskini na yenye vurugu. Florida ya utoto wake iliendeshwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi: shule mbali, mabasi mbali, mabomba ya maji ya kunywa mbali. Agosti 1960, mwaka aliotimiza miaka 18, vijana weusi waliokuwa wakipinga ubaguzi katika migahawa ya Jacksonville walishambuliwa na kundi la wazungu wenye mipini ya mashoka, mchana kweupe, katikati ya mji. Mji huo haujaisahau Jumamosi hiyo.

Hayes alisoma Shule ya Sekondari ya Matthew Gilbert, shule ya weusi. Mwaka 1958 timu ya shule hiyo ilishinda mechi zake zote 12, na fainali ya shule za weusi za Florida ikaichukua kwa 14 kwa 7 dhidi ya Dillard ya Fort Lauderdale. Hayes alikuwemo kikosini, lakini benchi. Huyu ambaye angekuja kuitwa binadamu mwenye kasi kuliko wote hakuwa na namba ya kudumu katika timu ya shule yake! Jambo hilo linaonyesha vipaji vilivyokuwa vimejazana katika shule zile ambazo vyuo vikubwa vya wazungu havikuwa vikizitazama kabisa.

Aliyemtazama ni Jake Gaither, kocha wa Chuo Kikuu cha Florida A&M kilichoko Tallahassee. Ni vigumu kueleza uzito wa jina la Gaither miongoni mwa Wamarekani weusi wa Kusini. Alifundisha chuoni hapo tangu 1945 hadi 1969 na kupata ushindi 203, huku akipoteza mechi 36 tu. Chuo chenyewe kilikuwa na historia ya kutokubali kuonewa: mwaka 1956 wanafunzi wake ndio waliowasha mgomo wa mabasi wa Tallahassee, baada ya wasichana wawili kukamatwa kwa kukaa kwenye kiti walichoambiwa ni cha wazungu. Kwa Gaither, Hayes alikuwa mchezaji wa futiboli. Riadha ilikuwa kazi ya pili, nayo ilisimamiwa na kocha mwingine, Dick Hill. Hayes mwenyewe alijiona hivyo hivyo maisha yake yote: mchezaji wa futiboli anayejua kukimbia. Ulimwengu ulimtazama kinyume chake, na tofauti hiyo ya mtazamo ilimgharimu.

Kwenye riadha hakuwa na mwenzake. Mwaka 1962 alifikia rekodi ya dunia ya yadi 100, sekunde 9.2, katika mashindano ya Chuo Kikuu cha Miami, mojawapo ya nafasi chache alizopewa kukimbia na wazungu ndani ya jimbo lake mwenyewe. Juni 1963, huko St. Louis, aliishusha hadi 9.1, na rekodi hiyo ilikaa miaka 11. Mbio za ndani za yadi 60 alikuwa mtu wa kwanza kuzimaliza chini ya sekunde 6. Waliomwona wanakubaliana kwamba mkimbio wake haukuwa wa kupendeza. Vidole vya miguu vilielekea ndani, mabega yaliyumba huku na huko, na mwili wake mnene wa kilo zaidi ya 80 ulionekana kupigana na hewa badala ya kuikata. Makocha wa riadha walipenda wakimbiaji wembamba wenye mwendo laini. Mwili wa Hayes ulikuwa umejengwa kwa kugongana na watu, na bado waliokuwa laini hawakumwona ila mgongo.

Juni 1964 aliumia msuli wa paja, na kwa wiki kadhaa safari yake ya Tokyo ilikuwa mashakani. Alipona wakati bado upo.

Michezo ile ya Oktoba 1964 ina nafasi yake katika kumbukumbu za Afrika Mashariki. Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa nchi huru, na Wilson Kiprugut akaipatia medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Wanamichezo wa Tanganyika nao walikuwepo, wakati jina la Tanzania lilikuwa bado siku chache kutangazwa. Bendera ya Kenya ilibebwa na Seraphino Antao wa Mombasa, mkimbiaji wa mbio fupi ambaye mwaka 1962 mjini Perth, Australia, alishinda yadi 100 na yadi 220 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika fainali ile ya yadi 100 Mkanada Harry Jerome, aliyetarajiwa na wengi kushinda, aliumia vibaya mguu akamaliza wa mwisho. Jerome huyo huyo alikuwepo Tokyo, mzima tena, akisimama kwenye mstari mmoja na Hayes.

Katika nusu fainali saa ya umeme ilimwandikia Hayes sekunde 9.91. Hakuna binadamu aliyewahi kuandikiwa muda kama huo, lakini upepo uliokuwa ukimsukuma mgongoni ulipita kiwango kinachoruhusiwa, hivyo haukuhesabiwa. Siku ya fainali, tarehe 15 Oktoba, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo juu ya uwanja wa kokoto laini za wakati ule ndiyo iliyochimbika kuliko zote. Alipofungua mkoba wake alikuta kiatu kimoja hakimo. Kilibaki kijiji cha wanamichezo. Alilazimika kuazima kiatu cha mtu ili akimbie fainali ya Olimpiki.

Akashinda kwa mita mbili hivi. Kwa wanaozijua mbio za mita 100, mita mbili katika fainali ya Olimpiki ni pengo la kutisha. Figuerola wa Cuba alishika nafasi ya pili na Jerome ya tatu, wote wakiandikiwa 10.2. Muda rasmi wa Hayes ulikuwa 10.0, sawa na rekodi ya dunia. Saa ya umeme ilisoma 10.06.

Lakini waliokuwepo Tokyo hawasimulii sana fainali hiyo. Wanasimulia ya tarehe 21 Oktoba, siku ya kupokezana vijiti mita 100 mara nne. Timu ya Marekani ilikuwa imeyumba kwa majeraha, ikaundwa na Paul Drayton, Gerry Ashworth, Richard Stebbins, na Hayes mwishoni. Mfaransa Jocelyn Delecour alimwambia Drayton kwamba Wamarekani hawana wa kuwategemea isipokuwa Hayes peke yake. Delecour alisema kweli, na kwa vipande vitatu vya kwanza kweli hiyo ilionekana. Wakati Hayes anakabidhiwa kijiti, Marekani ilikuwa nafasi ya tano, mita tatu hivi nyuma ya waliokuwa wakiongoza.

Kilichofuata kimebaki kwenye filamu na kila anayependa michezo anapaswa kukitazama. Hayes hakukimbia kwa ustadi. Alikimbia kwa nguvu tupu, mabega yakirushwa, miguu ikiipiga ardhi, na katikati ya mita 100 hizo tayari alikuwa amewapita wote wanne. Alipofika mwisho aliwaacha kwa mita tatu. Poland ikawa ya pili na Ufaransa ya Delecour ya tatu. Marekani iliweka rekodi ya dunia, sekunde 39.0. Makocha waliokuwa na saa za mkononi walipima kipande cha Hayes kati ya sekunde 8.5 na 8.9. Anayepokea kijiti huwa ameshaanza kukimbia, hivyo muda huo haulinganishwi na wa mtu anayeanza kwa kusimama. Hata hivyo, wapo wataalamu wengi wanaosema hadi leo kwamba hakuna aliyewahi kumalizia mbio hizo kama alivyomalizia yeye siku ile.

Hizo zilikuwa mbio zake za mwisho. Alikuwa na miaka 21. Sheria za wakati ule zilimfukuza katika riadha mtu yeyote aliyelipwa kwa mchezo wowote, na Hayes alikuwa ametoka katika nyumba isiyokuwa na kitu. Kilele cha riadha yake hatutakijua kamwe. Anayemlaumu kwa kuondoka mapema ajiulize kwanza medali ingemlisha nani.

Dallas Cowboys walikuwa wamemteua tangu Desemba 1963, akiwa bado chuoni, katika raundi ya saba. Raundi ya saba ni mahali pa kujaribia bahati. Cowboys wenyewe walikuwa timu changa: walianza mwaka 1960 kwa kumaliza msimu mzima bila ushindi hata mmoja, na tangu hapo hawakuwahi kushinda mechi nyingi kuliko walizopoteza. Kocha wao, Tom Landry, alikuwa mtu wa michoro na mahesabu, mwenye kuvaa kofia na tai pembezoni mwa uwanja na kuongea kidogo. Kotabeki wake, Don Meredith, alikuwa na mkono wa kurusha mpira mbali. Alichokosa ni mtu wa kufika huko mbali.

Katika msimu wake wa kwanza Hayes alidaka mipira 46 kwa yadi 1,003, na tachidauni 12 kwa kudaka, na hakuna mpokeaji mwingine katika ligi aliyempita. Mwaka uliofuata alidaka 64 kwa yadi 1,232 na tachidauni 13, akaongoza tena. Cowboys walipata msimu wao wa kwanza wa ushindi mwingi kuliko vipigo. Tarehe 13 Novemba 1966, dhidi ya Washington, Hayes alisogeza timu yadi 246 kwa mipira 9. Mmoja kati ya hiyo ulianzia yadi 5 kutoka mstari wao wenyewe na kuishia tachidauni ya yadi 95. Dallas walishinda 31 kwa 30. Nani angesema bila yeye wangeshinda?

Hapa ndipo makocha wa ulinzi walipoanza kukosa usingizi. Fikiria beki wa mwaka 1965. Amefundishwa kukaa uso kwa uso na mpokeaji, kumruhusu achomoke, kisha kumfuata bega kwa bega. Kwa Hayes, kumruhusu achomoke ni kumpoteza. Beki akisimama mbali, yadi 8 au 10 nyuma, ili asipitwe, Hayes anakata ghafla na kudaka mpira mfupi mbele yake, kisha anageuka na kukimbia. Beki akimsogelea amzuie mwanzoni, kosa dogo tu la mguu na Hayes yuko peke yake mbele ya uwanja mtupu. Timu zikajaribu kumpa mabeki wawili. Lakini kila upande una wachezaji 11, na mabeki wawili kwa mtu mmoja maana yake kuna mtu mwingine asiye na mlinzi.

Njia iliyopatikana ilikuwa kuacha kumkaba mtu na kuanza kukaba eneo. Uwanja uligawanywa vipande. Kila beki akapewa kipande chake, amlinde yeyote atakayeingia humo, huku mabeki wa nyuma wakikaa mbali kabisa kuhakikisha hakuna anayepita juu yao. Hayes akikimbia kutoka kipande kimoja kwenda kingine, anapokewa na beki mwingine ambaye hajachoka na ambaye tayari yuko mbele yake. Ulinzi wa eneo ulikuwepo kwa namna fulani kabla yake. Haikuwa yeye aliyeuzaa. Lakini ulikuwa jambo la pembeni, na ni yeye aliyewafanya makocha wa ligi nzima waufanyie kazi, wausomeshe na kuutumia kila wiki. Pamoja nao ulikuja ukabaji wa kumgonga mpokeaji pale pale anapoanza kukimbia, ili kasi isipate nafasi ya kuamka. Leo hakuna timu ya futiboli, kuanzia shule za sekondari, isiyofundisha mambo haya yote mawili.

Na ona matokeo yake kwa hesabu za Hayes. Ulinzi uliobuniwa kwa ajili yake ulimpunguzia mipira. Kadiri alivyoogopwa ndivyo alivyorushiwa kidogo, na kadiri alivyorushiwa kidogo ndivyo karatasi ya takwimu ilivyomdhulumu. Mabeki wawili waliomfuata kwenda mbali waliacha nafasi nyuma yao, na nafasi hiyo wakaichuma wenzake: mpokeaji mwingine, mkimbiaji, kotabeki. Hakuna safu kwenye karatasi inayoandika nafasi uliyowaachia wenzako. Kilichobaki cha kumtetea ni wastani: yadi 20 kwa kila mpira aliodaka, katika kazi yake yote. Mwaka 1970, msimu wake wa sita, wakati ligi nzima ilikuwa imeshajua ulinzi wa eneo, alidaka mipira 34 tu, lakini kila mmoja ulizaa yadi 26 kwa wastani.

Mapungufu yake yalijulikana pia, na mawili yaliiumiza Dallas. Tarehe 1 Januari 1967, katika fainali ya NFL dhidi ya Green Bay Packers, Cowboys walikuwa nyuma 34 kwa 27 na walibakiwa na jaribio moja, yadi 2 kutoka mstari, sekunde chache zimesalia. Kwa mkanganyiko wa kubadilisha wachezaji, Hayes alijikuta kwenye nafasi ambayo ilipaswa kuwa ya Frank Clarke, nafasi ya kuzuia kwa mwili. Dave Robinson wa Green Bay, jitu la nguvu, alimpita na kumvamia Meredith, ambaye alirusha mpira wa kubahatisha ukaishia mikononi mwa Tom Brown wa Packers. Mpokeaji wa kwenda mbali hakufundishwa kusimama mbele ya mtu kama Robinson. Lawama hiyo, kwa maoni yangu, ni ya benchi zaidi kuliko yake.

Ya pili ilikuwa yake mwenyewe. Tarehe 31 Desemba 1967 timu hizo hizo zilikutana Green Bay, Wisconsin, katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba waamuzi hawakuweza kutumia filimbi zao. Kijana wa Florida alitumbukiza mikono ndani ya suruali kila mara mpira haukupangwa kuja kwake, akaitoa kila mara ulipopangwa kuja. Mabeki wa Packers waliligundua hilo. Wakawa wanajua mapema, kwa kutazama mikono yake tu, kama wamkabe au wamwache. Alimaliza siku hiyo na mipira 3 kwa yadi 16, na Dallas wakapoteza 21 kwa 17.

Nje ya uwanja Dallas haikuwa mji mwepesi kwa mchezaji mweusi. Wamiliki wa nyumba katika mitaa iliyokuwa karibu na uwanja wa mazoezi waliwafungia milango watu waliokuwa wakishangiliwa na mji mzima kila Jumapili. Mchezaji mwenzake Hayes, Mel Renfro, alifika hadi mahakamani kupinga ubaguzi huo wa nyumba, na akashinda.

Januari 1971 Cowboys walipoteza Super Bowl, mechi ya ubingwa wa futiboli, kwa Baltimore Colts, 16 kwa 13. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 16 Januari 1972 mjini New Orleans, Roger Staubach akiwa kotabeki, waliwafunga Miami Dolphins 24 kwa 3. Hayes alipata pete ya ubingwa, na kwa hiyo akawa mtu wa kwanza kuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki na pete ya Super Bowl. Mchango wake siku hiyo haukuwa mkubwa. Landry aliegemea wakimbiaji wake. Kuanzia hapo mteremko ulikuwa wa haraka. Mipira 15 mwaka 1972, bila tachidauni hata moja. Mipira 7 mwaka 1974. Mwaka 1975 alihamishiwa San Francisco 49ers, akacheza mechi 4, wakamwacha.

Pombe ilikuwa imeshamshika, na baadaye dawa za kulevya. Mwaka 1978 alikamatwa kwa kumuuzia dawa hizo askari aliyejifanya mteja. Alikiri kosa, akahukumiwa mwaka 1979, akatumikia miezi 10 katika gereza la Texas, akaachiwa mapema mwaka 1980. Alikuwa na miaka 37. Hukumu yake ilifanya jina lake liwe zito kutamkwa hadharani katika mji ambao miaka michache tu nyuma ulikuwa umempigia makofi. Aliendelea kupambana na ulevi kwa miaka mingi, akiingia na kutoka katika matibabu. Mwaka 1990 alisimulia yote hayo katika kitabu cha maisha yake, bila kujificha nyuma ya mtu. Baadaye alirudi Florida A&M na kumaliza shahada ya ualimu aliyoiacha wakati anaenda Dallas.

Jumba la mashujaa wa riadha la Marekani lilikuwa limempokea tangu 1976. La futiboli likakaa kimya. Mwaka baada ya mwaka jina lake halikupita, na hata sasa sielewi hoja ya waliompinga. Kama ni gereza, kanuni za Canton zinawataka wapiga kura watazame uwanjani tu. Kama ni idadi ya mipira, wangetazama pia ni kwa nini mipira hiyo ilipungua. Septemba 2001 Cowboys wenyewe waliliandika jina lake kwenye duara la heshima la uwanja wao, mchezaji wa 11 kupewa heshima hiyo. Alikuwepo, akiwa dhaifu kwa saratani ya tezi dume na maradhi ya ini. Alifariki Jacksonville tarehe 18 Septemba 2002, figo zikiwa zimeshindwa, miezi mitatu kabla ya kutimiza miaka 60.

Mwaka 2004 kamati inayoshughulikia wachezaji wa zamani ilimpendekeza, na wapiga kura wakamkataa tena. Paul Zimmerman, mwandishi wa Sports Illustrated aliyeheshimika kuliko wengi katika kuuchambua mchezo huo, alijiuzulu kutoka kamati hiyo kwa hasira. Zimmerman aliwaona mabeki wa 1965 wakirudi nyuma kabla mpira haujaanzishwa, na hakuhitaji karatasi ya takwimu kumweleza maana yake.

Waliobaki na shaka wangeweza kuwatazama wakimbiaji waliojaribu kupita njia ile ile. Jim Hines, bingwa wa mita 100 wa Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alichezea Miami Dolphins na kudaka mipira 2 tu katika kazi yake yote ya futiboli. Tommie Smith, bingwa wa mita 200 wa michezo ile ile, yule aliyeinua ngumi yenye glavu nyeusi jukwaani, alidaka mmoja akiwa Cincinnati. John Carlos aliyesimama naye jukwaani alijaribu Philadelphia, goti likamkatisha. Renaldo Nehemiah, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya kuruka viunzi, alikaa miaka mitatu San Francisco na kurudi kwenye riadha. Willie Gault ndiye aliyefanikiwa zaidi kati yao, akiwa na Chicago Bears waliotwaa ubingwa wa msimu wa 1985, naye alikuwa mcheza futiboli tangu chuoni. Timu zilitafuta kasi ya Hayes zikaipata mara kadhaa. Hazikupata mtu aliyefunzwa na Jake Gaither kudaka mpira huku akijua anakaribia kugongwa, kusoma beki anaelemea mguu gani, na kupunguza kasi nusu hatua kabla ya kukata.

Tarehe 31 Januari 2009 wapiga kura walimpitisha, miaka 33 baada ya mechi yake ya mwisho. Agosti mwaka huo, huko Canton, sanamu ya kichwa chake ilifunuliwa na Staubach pamoja na Bob Hayes mdogo, mwanawe. Miezi miwili baadaye, tarehe 11 Oktoba, mpokeaji wa Dallas Miles Austin alisogeza yadi 250 dhidi ya Kansas City Chiefs na kuivunja ile rekodi ya klabu ya yadi 246. Ilikuwa imedumu miaka 43, na Austin alihitaji mechi iende hadi muda wa nyongeza ili aipite kwa yadi 4.